Bitana na Vitambaa vya Kukazia: Maana, Ngeli na Matumizi Dukani na katika Tafsiri

bitana (nomino, ngeli ya i-/zi-)
1. Kitambaa kinachoshonwa upande wa ndani wa vazi, mkoba, kofia au pazia ili kuficha mishono, kulinda kitambaa cha nje na kulifanya vazi lipite mwilini bila kukwama: Bitana ya koti imechanika kwapani.
2. Kitambaa chepesi kinachouzwa kwa kazi hiyo, hata kabla hakijakatwa: Nikatie bitana nyeusi mita mbili.
Vitenzi vinavyoandamana nalo: tia bitana, wekea bitana, toa bitana, badilisha bitana.

Katika kamusi nyingi neno bitana hupewa mstari mmoja, nao hutosha kwa msomaji wa riwaya. Hautoshi kwa mwalimu wa ushonaji, kwa mfasiri wa maelezo ya mshono, wala kwa mwanafunzi anayetumwa dukani na karatasi ya mahitaji. Sababu ni kwamba neno hili limebebeshwa mzigo wa vitu visivyopungua vinne ambavyo kwa fundi ni vitu tofauti kabisa, vyenye bei tofauti, vinavyokatwa kwa namna tofauti na kuvumilia joto la pasi kwa viwango tofauti. Mteja wa Afrika Mashariki mara nyingi huenda kwa fundi na kitambaa chake mwenyewe mkononi, naye fundi huongeza uzi, bitana, zipu na vifungo. Neno likikosewa kwenye karatasi, kinachoharibika mezani ni mali ya mtu mwingine. Makala haya yanaeleza asili ya neno, upatanisho wake wa kisarufi, mipaka ya maana yake, na maneno jirani ambayo Kiswahili tayari kinayo.

Asili ya neno

Bitana limetokana na Kiarabu biṭāna, lenye mzizi wa konsonanti tatu b-ṭ-n. Mzizi huo unahusu tumbo na kila kilicho ndani. Kiswahili kimechukua kutoka humo pia neno batini, yaani kilichofichika, ambalo katika maandishi ya dini na falsafa huwekwa mkabala na dhahiri. Kwa hiyo bitana na batini ni ndugu: moja ni la ndani ya nguo, jingine ni la ndani ya jambo.

Katika Kurani neno hili linapatikana kwa maana zote mbili. Katika sura ya 55, aya ya 54, wingi wake hutumika kwa upande wa ndani wa matandiko ya peponi, uliotengenezwa kwa hariri nzito. Katika sura ya 3, aya ya 118, umoja wake hutumika kwa watu: wale ambao mtu huwaweka karibu na kuwapa siri zake. Mfasiri wa Kiswahili anapofika kwenye aya hii ya pili hawezi kuandika bitana, kwa kuwa neno hilo halikuingia Kiswahili na maana ya kiistiari. Hata hivyo, lugha ina neno mwandani, ambalo msemaji wa leo husikia humo sauti ya neno ndani. Lugha mbili zisizo na nasaba moja zimekutana katika fikra moja, kwamba rafiki wa siri ni mtu wa upande wa ndani.

Neno hilohilo la Kiarabu lilisafiri pia kuelekea magharibi. Kihispania kina badana, ngozi laini ya kondoo iliyotumika kwa bitana na majalada, na Kifaransa kikapata basane kwa njia hiyo. Upande wa mashariki, Kihindi na Kiurdu hutumia astar, neno lenye asili ya Kiajemi. Inafaa kulikumbuka jambo hili, kwa sababu biashara ya nguo ya pwani ilikuwa na uhusiano mkubwa na India, na maneno mengi ya fani hii yametoka huko au Uajemi. Neno la bitana, hata hivyo, lilitoka Uarabuni.

Kuhusu matamshi, konsonanti nzito ya Kiarabu imekuwa t ya kawaida, na irabu ndefu ya silabi ya pili imeangukia mahali pa mkazo wa Kiswahili: bi-TA-na. Mwisho wa -ana hauna uhusiano wowote na kauli ya kutendana. Mwanafunzi anayejaribu kulichambua neno kana kwamba ni kitenzi, kwa mfano wa pitana au shikana, hupotea njia.

Ngeli na upatanisho

Katika Kiswahili sanifu bitana ni nomino ya ngeli ya i-/zi-, isiyobadilika umbo katika wingi:

Bitana hii imefifia rangi. / Bitana hizi zimefifia rangi.
Bitana ya sketi ni fupi kuliko sketi yenyewe.

Wapo wasemaji wanaosema bitana la koti na mabitana, kwa mvuto wa nomino koti linalofuata au kwa kuonyesha wingi wa vipande. Matumizi hayo husikika, lakini katika mtihani, kitabu cha kiada na hati ya mkataba iandikwe bitana ya koti, na wingi wake bitana za makoti.

Mpangilio wa maneno hubadilisha maana, na hapa wanafunzi hukosea mara kwa mara:

bitana ya koti: tabaka la ndani la koti fulani.
koti la bitana: aina ya koti, lile linaloshonwa na tabaka la ndani.
kitambaa cha bitana: bidhaa inayouzwa kwa mita, ambayo bado haijawa sehemu ya vazi lolote.

Fundi akisema bitana imeisha, msikilizaji atauliza iwapo imeisha dukani au imechakaa kotini. Akisema kitambaa cha bitana kimeisha, hakuna swali. Katika maandishi ya biashara, kama vile ankara, orodha ya bei na maelezo ya zabuni, umbo hili refu ndilo la kuchaguliwa.

Tabaka tano zisizofanana

Chini ya uso wa vazi lililoshonwa vizuri huweza kuwepo tabaka kadhaa. Kila moja ina kazi yake, na jina lake linapaswa kutokana na kazi hiyo.

(a) Bitana. Hili ni tabaka la mwisho upande wa mwili. Hukatwa peke yake, hushonwa kama vazi la pili jembamba, kisha huunganishwa na vazi la nje kwenye kingo tu: shingoni, mbele, mikononi na wakati mwingine chini. Katikati huachwa huru. Ndiyo maana huhitaji kitambaa chepesi kinachoteleza: hariri kwa wenye uwezo, asetati, rayoni, na kwa sehemu kubwa ya soko la leo poliesta. Kitambaa cha pamba hufaa kwa mikoba na nguo za watoto, lakini ndani ya mkono wa koti hukwama kwenye shati.

(b) Bitana ya kushikamana. Hiki ni kitambaa kinachokatwa kwa kipimo kilekile cha kitambaa cha nje, hupigwa bandi juu yake kabla ya kazi yoyote nyingine, kisha vipande viwili hushonwa kama kimoja. Lengo ni kukipa uzito au kukiondolea uwazi kitambaa chembamba kama lesi au shashi. Tofauti na (a), haifichi mishono, kwa sababu yenyewe imo ndani ya mishono. Kiswahili hakina neno moja lililotulia kwa tabaka hili. Maelezo mafupi kama kitambaa cha kushikamanishwa na cha nje ni bora kuliko neno la kubuni lisilofahamika na mtu.

(c) Kitambaa cha kukazia. Huwekwa sehemu chache tu: kola, kafu, mkanda wa kiuno, ukanda wa vifungo, mdomo wa mfuko. Kazi yake ni kuipa sehemu hiyo umbo na nguvu ili isilegee wala isivutike. Madukani huitwa pia stifu. Kipo cha kushona, mfano kanvasi inayotiwa kifuani mwa koti la suti, ambayo ile ya daraja la juu hufumwa kwa nyuzi za pamba au sufu pamoja na nywele za mkia wa farasi. Kipo pia cha gundi, chenye chembe za gundi kavu upande mmoja, ambacho hubandikwa kwa joto la pasi.

(d) Kitambaa au pamba ya kujazia. Hukaa kati ya kitambaa cha nje na bitana ili kuhifadhi joto au kuongeza unene. Mfano ni koti la baridi, mfarishi, na glavu za kushikia sufuria. Zamani pwani sufi ilijazwa kwenye mito na magodoro. Leo kwa nguo hutumika zaidi shuka za nyuzi za poliesta zilizosokotana. Sponji ni kitu kingine na iandikwe sponji.

(e) Kitambaa cha nyuma. Hiki hakihusu mavazi sana. Ni upande wa pili wa mfarishi, wa pazia zito, wa zulia, au kipande kinachowekwa chini ya kitambaa kinachodariziwa kwa mashine ili kisikunjamane. Katika mfarishi kitambaa cha nyuma huonekana, hivyo kukiita bitana kunapotosha: bitana hujificha, kitambaa cha nyuma kinalaliwa na kufuliwa kama uso wenyewe.

Kwenye orodha hii kuna jambo moja linalohitaji kusisitizwa. Tabaka (a) na (b) hutajwa kwa neno bitana bila madhara makubwa, mradi maelezo yaongezwe. Tabaka (c), (d) na (e) zisiitwe bitana. Anayeambiwa atie bitana kwenye kola na akatii kwa uaminifu atatia poliesta inayoteleza, na kola italala kama sikio la sungura mgonjwa.

Maneno ya asili yanayokaribiana na bitana

Msamiati wa kanzu unaonyesha kwamba Waswahili walitofautisha vipande vya ndani kabla ya kuja kwa vitambaa vya viwandani. Badani ni vipande vikubwa vya mbele na nyuma. Kwapa ni kipande kinachotiwa chini ya mkono ili mtu aweze kuuinua. Kaba ni kipande cha ndani kinachoizunguka shingo ya kanzu. Sijafu ni ukingo uliokunjwa au kuongezewa kipande kwa ndani, hasa mikononi. Taraza ni utepe wa nakshi kwenye kingo, na kigwe ni kamba nyembamba ya kusokotwa inayopamba au kuimarisha ukingo.

Kaba na sijafu zina thamani kubwa kwa mfasiri. Katika ushonaji wa kisasa kuna kipande cha kitambaa kilekile cha nje kinachogeuzwa ndani ya shingo, ya mkono au ya ufunguzi wa mbele ili ukingo uwe safi. Kipande hicho si bitana, kwa kuwa hakifuniki ndani yote. Si kitambaa cha kukazia pia, ingawa mara nyingi hukaziwa. Ni sijafu. Neno lipo, lina umri, na walimu wa ushonaji wangefanya vyema kulirudisha darasani badala ya kuandika kipande cha kugeuzia ndani kila mara.

Neno jingine lililosahauliwa ni dondo. Maana yake ya zamani ni utomvu au wanga unaopakwa nguo mpya ili iwe ngumu na yenye kung'aa, na nguo ya dondo ni ile ambayo bado haijaoshwa ukatoka. Wakati nguo za pamba zilipokuwa fedha ya misafara na bidhaa kuu ya Zanzibar, maarifa haya yalikuwa ya lazima. Marekani na Sayyid Said walitiliana mkataba wa biashara mwaka 1833, na konsuli wa kwanza wa Marekani, Richard Waters, alifika Zanzibar mwaka 1837. Nguo isiyopaushwa kutoka huko ndiyo iliyoacha katika Kiswahili jina la amerikani au marekani. Vita vya wenyewe kwa wenyewe vya Marekani, vya 1861 hadi 1865, vilipopunguza mzigo huo, nguo za Uingereza na India zilijaza pengo. Mnunuzi aliyeshika jora jipya alipaswa kujua kama uzito anaouhisi ni wa uzi au ni wa dondo. Swali hilo halijazeeka. Kitambaa chepesi kinachoonekana kimesimama vizuri kwenye rafu kinaweza kulegea baada ya kufuliwa mara moja, na bitana iliyonunuliwa kwa kuamini mguso wa dukani ikarudi kuwa utando.

Ukazaji wa nguo kwa wanga haujafa. Kofia ya viua ikishafuliwa hutiwa wanga na kuvishwa faroma, kibao cha mviringo kinachoishikilia isinywee wala kupoteza umbo. Hapa tofauti ya kimaana ni ya wazi: wanga na dondo hukaza kwa muda na hutoka kwa maji, ilhali kitambaa cha kukazia hubaki na vazi maisha yake yote. Kwa hiyo kutia dondo kusitumike kwa maana ya kuweka stifu.

Kukazia, kigumu, cha gundi

Umbo kitambaa cha kukazia limejengwa kwa kitenzi kaza katika kauli ya kutendea. Kiunganishi cha a-unganifu pamoja na kitenzi-jina huonyesha kusudi: maji ya kunywa, kalamu ya kuandikia, kitambaa cha kukazia. Kwa hiyo umbo hili linasema kitambaa hiki ni cha nini.

Kitambaa kigumu husema jambo jingine. Hutaja sifa ya kitambaa chenyewe, na huweza kuwa kitali, jinzi au turubai. Tena vitambaa vingi vya kukazia si vigumu hata kidogo. Vile vya blauzi nyepesi ni laini kama karatasi ya shashi, na ugumu hupatikana pale tu vinapobandikwa. Mwenye duka akiulizwa kitambaa kigumu ana haki ya kuonyesha kitali.

Kwa kubainisha aina, maneno ya kutosha yapo: kitambaa cha kukazia cha gundi na kitambaa cha kukazia cha kushona. Kitenzi cha kazi ya kwanza ni bandika, na kinyume chake bandua au, kwa hali isiyokusudiwa, banduka. Mafundi husema gundi imeshika au haijashika. Kuyeyusha ni jambo linalotokea kwa gundi, si kwa kitambaa. Sentensi yeyusha kitambaa cha kukazia kwenye kola, inayopatikana katika tafsiri za mashine, ni amri ya kuunguza.

Hatua zenyewe zinaweza kuelezwa kwa Kiswahili bila neno lolote la kigeni lisilo la lazima. Upande wenye chembe za gundi hulazwa juu ya upande wa ndani wa kitambaa cha nje. Kitambaa chembamba chenye unyevu huwekwa juu yake. Pasi hukandamizwa na kuinuliwa, haiburuzwi, maana ikiburuzwa husogeza na kukunja. Baada ya hapo kipande huachwa kipoe kabla ya kuguswa, kwa sababu gundi ya moto bado haijashika. Fundi mwangalifu hujaribu kwanza kwenye kipande cha mabaki. Joto likipungua, kola itatoa malengelenge baada ya kufuliwa. Likizidi, poliesta ya nje itasinyaa au kung'aa isivyotakiwa.

Lugha ya dukani

Maduka ya vitambaa ya Kariakoo jijini Dar es Salaam, ya Darajani Unguja, na ya mitaa ya Biashara ya Mombasa na Nairobi huuza kwa namna mbili: kwa jumla na kwa rejareja. Kwa jumla kipimo ni jora, yaani kitambaa kizima kilichokunjwa au kuviringishwa. Kwa rejareja kipimo ni mita, na kwa baadhi ya wauzaji bado ni wari au yadi.

Vipimo vya zamani vingalimo katika maandishi, na msomaji avitambue. Mkono au dhiraa ni kutoka kiwiko hadi ncha ya kidole, takriban nusu ya wari. Katika biashara ya misafara shuka ilikuwa mikono 4, na doti shuka 2, yaani wari 4. Leo doti kwa msemaji wa kawaida ni jozi ya kanga, si kipimo cha urefu wa kila kitambaa. Jora lilihesabiwa kuwa wari 30 hivi, lakini majora ya sasa hutofautiana, kwa hiyo mkataba utaje urefu kwa tarakimu.

Wari si mita. Wari moja ni sentimita 91.44. Anayeagiza mita 5 za bitana akapimiwa wari 5 amepata mita 4.57, na pungufu la sentimita 43 linaweza kuwa ndio urefu wa mkono mmoja wa koti. Jora la wari 30 ni mita 27.43. Mfasiri anayeandika mita mahali pa yadi kwa kudhani kwamba vinakaribiana amemwongezea mnunuzi deni la takriban asilimia tisa, au amempunguzia muuzaji mali yake kwa kiasi hicho.

Upana nao utajwe daima. Kitambaa cha nje huweza kuwa na upana wa inchi 60, bitana inchi 45, na cha kukazia pungufu ya hapo. Vazi linalohitaji mita 2 za bitana yenye upana wa sentimita 150 litahitaji si chini ya mita 2.6 ikiwa upana ni sentimita 115, na pengine zaidi kutokana na namna vipande vinavyopangika. Sentensi nipe mita mbili haijakamilika. Iliyokamilika ni nipe mita mbili za upana wa inchi 60.

Mifano ya usemi wa kawaida wa kaunta:

Mnunuzi: Shikamoo mama. Naomba bitana ya kufanana na kitambaa hiki.
Muuzaji: Marahaba mwanangu. Ya kufanana kabisa haipo, ila ipo iliyokoza kidogo. Ni ya sketi au ya koti?
Mnunuzi: Ya koti. Na ya kukazia kola, nusu mita.
Muuzaji: Ya gundi au ya kushona? Hii ya gundi usiipige pasi ukaigeuza juu, itanasa kwenye pasi.

Katika mazungumzo haya swali ya gundi au ya kushona? ndilo linalookoa fedha. Mwalimu anayetunga zoezi la mazungumzo asiliache.

Kuhusu jina la jumla la bidhaa hizi, maneno matatu yatofautishwe. Vifaa vya cherehani huelekea kueleweka kuwa sehemu za mashine, kama mkanda, sindano na kibobini. Vifaa vya ushonaji ni zana: mkasi, futi, subana, chaki. Mahitaji ya ushonaji ni vinavyotumika vikaisha: uzi, bitana, stifu, zipu, lastiki, vifungo. Vikorombwezo ni neno la mazungumzo kwa nyongeza na mapambo. Lina ladha, lakini halifai katika ankara.

Makosa ya kawaida katika tafsiri

Maelezo mengi ya mishono hufika kwa Kiingereza, na lugha hiyo hutumia maneno ya kawaida kwa maana za kifundi. Makosa yafuatayo ndiyo yanayohitaji uangalifu zaidi.

Upande wa kulia. Kiingereza hutumia neno moja kwa kulia na kwa upande ufaao wa kitambaa. Kwa Kiswahili upande huo ni uso wa kitambaa au upande wa nje, na kinyume chake ni upande wa ndani. Unganisha pande za kulia ni amri isiyo na maana mezani. Sahihi ni kutanisha nyuso, yaani kitambaa kikae uso kwa uso.

Nafaka ya kitambaa. Linalokusudiwa ni mwelekeo wa uzi. Kiswahili kina mtande kwa nyuzi za urefu na mshindio kwa nyuzi zinazopita kati yake. 

Dhana. Katika orodha ya manunuzi, neno la Kiingereza linaloonekana kama dhana au mawazo linahusu mahitaji madogo ya ushonaji.

Bolti. Katika duka la vitambaa ni jora.

Bitana kwa kila kitu. Hili ndilo kosa zito kuliko yote, kwa kuwa halionekani. Sentensi husomeka vizuri, sarufi yake haina dosari, na msomaji hana namna ya kushuku. Linganisha tafsiri mbili za maelezo yaleyale:

Yenye kosa: Nunua bitana mita 1.5 na bitana nyingine mita 0.5. Yeyusha bitana kwenye upande mbaya wa kola.

Iliyosahihishwa: Nunua kitambaa cha bitana mita 1.5 na kitambaa cha kukazia cha gundi mita 0.5. Bandika kitambaa cha kukazia kwa pasi kwenye upande wa ndani wa kola.

Anayefuata tafsiri ya kwanza atarudi na mita 2 za poliesta, ataiweka pasi ya moto juu yake kwa kutii agizo la kuyeyusha, na atapoteza kola, bitana na pengine uso wa pasi. Anayefuata ya pili atashona koti.

Pendekezo la matumizi

Kwa ufupi, bitana libaki na maana yake ya asili: tabaka la ndani linaloteleza, lililo huru katikati na kushikwa kingoni. Kitambaa cha kukazia kitumike kwa kinachoipa sehemu umbo, kikifuatwa na cha gundi au cha kushona. Stifu likubalike katika mazungumzo na mabangoni, na katika vitabu litajwe mara moja kama jina la sokoni. Sijafu na kaba zirudishwe kwa kingo za ndani. Ya kujazia na cha nyuma yatumike kama maelezo ya kawaida, kwani yanaeleweka na kila mtu bila kufundishwa. Pale jina linapokosekana, maelezo ya maneno matatu au manne si udhaifu wa lugha. Fundi hupendelea maelezo marefu yaliyo sahihi kuliko neno fupi litakalomgharimu kitambaa cha mteja.

Tazama pia: badani, bandi, batini, dondo, faroma, jora, kaba, kigwe, mfarishi, mshindio, mtande, sijafu, taraza, wari.